Chakula cha Mama Kiplimo

Jumatatu, 9 Oktoba 2006

Hillary alinipa dayari hii Krismasi iliyopita, na mpaka leo nilikuwa nimeandika ndani yake siku ng'ombe alipopandwa tu. Sasa naanza kuandika vizuri kwa sababu sina wa kumwambia mambo yangu. Hillary mwenyewe yuko Nakuru na kazi yake, baba yake tulishamzika, na shemeji yangu Wabwile ukimwambia siri Jumamosi, Jumapili anasimama kuitangaza kanisani ati ni ombi la maombi.

Mahindi yamekauka. Upepo ukipita shamba lote linachakarika. Na watu wa kuvuna hawapo. Vijana wa hapa Tongaren wamenunua baiskeli, wanabeba watu. Jana nilimshika mmoja baada ya ibada nikamwomba aje kukata mahindi. Akaniuliza, "Mama, chai ya saa nne itakuwa na mkate?" Mkate! Nilimwambia akamuulize mamake.

Wabwile anasema nichukue Waganda kama wanavyofanya wenzangu. "Lakini usidhani ni rahisi, Mama Hillary. Karatasi ya mpakani ni yako. Chifu utamwona. Chakula chako, sabuni yako, mahali pa kulala pako. Na kuku wa jirani akipotea, ni wewe utaitwa, si wao."

Nimemjibu kwamba nimeishi na ukoo wake miaka yote hii na bado niko hai, Waganda watano hawatanishinda.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimetoka Suam, mpakani, miguu imevimba. Nimepata watu wangu. Kiongozi wao ni kijana anaitwa Kiplimo, mrefu, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Mwaka jana alivunia watu wa Endebess na wao ndio walinielekeza kwake. Nilivuka daraja nikapanda mpaka kwao, maana sipendi kuchukua mtu ambaye sijui anatoka mlango gani. Baridi ya kule, bana! Niliona aibu kwa kuvaa kandambili.

Nilitaka tushuke haraka kabla ofisi ya mpakani haijafungwa, lakini mama yake akatuzibia mlango. Anaitwa Cherop. Ni mama mfupi, mkavu, hacheki ovyo.

"Wewe ndiye unachukua mtoto wangu?"

"Ndiyo, Mama. Ni kazi ya mavuno tu."

"Basi kula kwanza. Mimi simpi mtu mtoto kama hajakula kwangu. Mtu amekula kwangu hawezi kusema kesho ati hanijui."

Kiplimo akacheka, akaniambia hiyo ni sheria ya nyumba na hata yeye hajawahi kuishinda. Nikaletewa ugali wa wimbi, mboga chungu na maziwa lala. Katikati ya nyumba kulikuwa na sufuria ya kukinga maji, nyasi za paa zimechoka kabisa. Kiplimo anataka mabati, ndiyo maana anakuja kwangu. Nilikula nusu nikasukuma sahani, jua lilikuwa linakwenda. Mama Kiplimo aliiangalia ile sahani, akaiondoa. Mdogo wake Kiplimo, Kipsang, jitu zima lenye ndevu, alikuwa nje anapasua kuni na hakunisalimia.

"Krismasi nataka kumwona hapa," mama akasema, akanionyesha kizingiti kwa kidole.

"Utamwona, Mama Kiplimo. Nitamleta mimi mwenyewe."

Naandika hapa nisije nikasahau. Nitamleta mimi mwenyewe.

Jumanne, 17 Oktoba

Wameanza jana. Wanakata haraka mpaka Phanice, jirani yangu ambaye ndiye anawapikia, akatoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia. Wanasimamisha mahindi kwa stuku, mafungu mafungu, na Kiplimo anazunguka kila stuku kuhakikisha imefungwa mara mbili. Nimewalaza kwenye ghala la zamani kule chini karibu na mto Nzoia. Ni pakavu na mlango unafunga.

Ugali wanaokula hawa watu! Gunia la kwanza litaisha kabla sijamaliza sala ya mezani.

Jumatano, 18 Oktoba

Chifu amekuja kuwaona. Amekunywa chai, amewaona, amekwenda na kuku.

Jumanne, 24 Oktoba

Kiplimo alikuja mlangoni jioni, kofia mkononi.

"Mama, hapa kwenu hewa ni nzito. Na hawa mbu wenu hawaendi likizo?"

"Hiyo ni salamu ya mto. Utazoea."

"Si ungetutafutia chandarua? Hata kama ni kimoja, tutalala kwa zamu."

Nilicheka. Ati chandarua! Vile vya kliniki ni vya watoto na wajawazito, na vya dukani ukinunulia watu watano si utakuwa umenunulia mbu nguo za harusi? Nimemwambia nimelelewa Mabanga, kwetu malaria ni kama mafua. Unatetemeka asubuhi, unameza dawa, mchana unalima. Amecheka pia. Alisema labda malaria yetu inawajua sisi kwa majina.

Jumapili, 29 Oktoba

Kanisani. Kiplimo na wenzake walikaa nyuma, wakaimba wimbo wa kwao. Wabwile alilia, lakini yeye hulia hata kwa matangazo.

Alhamisi, 2 Novemba

Mvua. Hii si mvua ya Novemba ninayoijua mimi. Inanyesha mchana, inapumzika kidogo, halafu inarudi.

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua.

Jumatano, 8 Novemba

Mvua. Stuku za chini zimelala. Tumeanza kuvuna hivyo hivyo, mahindi yakiwa na maji, na tukiona jua tunaanika kwenye maturubai. Jua likijificha, Kiplimo anapiga mluzi na wote wanakimbia kufunika. Nimewaona leo wakikimbia na lile turubai kubwa, wametapakaa matope mpaka kwenye nyusi, wanacheka. Nikajikuta nacheka nao. Hillary alikuwa anachukia shamba. Hajawahi kucheka ndani yake hata mara moja.

Ijumaa, 10 Novemba

Kiplimo ameniita "Mama" siku zote, lakini leo ameniita "Mama yangu wa huku." Ametengeneza mlango wa zizi bila kutumwa. Nimempikia mayai, nikamwambia asiwaambie wenzake.

Jumatano, 15 Novemba

Mahindi ya upande wa mto yameanza kushika ukungu. Broka amekuja, ameingiza mkono kwenye gunia, ameunusa, akaenda zake. Maghala ya Kitale hayachukui mahindi ya maji. Silali. Kama haya yakioza, mwaka mzima nitakuwa nimelima kwa ajili ya panya.

Jumanne, 21 Novemba

Kiplimo hakutoka asubuhi. Nimeshuka mpaka ghalani, nikamkuta amejikunja chini ya magunia na kofia yake ya sufu, meno yanagongana.

"Kijana, ni nini?"

"Baridi, Mama. Na kichwa."

Nikamgusa. Moto. Nikamwambia ni malaria tu, leo amekaribishwa rasmi Bungoma. Wenzake wakacheka. Nimempa Panadol na chai ya tangawizi, nikamwambia apumzike mpaka mchana, kwa sababu jua lilikuwa limetoka na kulikuwa na mahindi ya kugeuza.

Mchana alitoka. Alikuwa anatembea polepole, anashika ukuta. Saa tisa mvua ikaja ghafla upande wa mlima, na ni yeye aliyepiga mluzi. Alikimbia na wengine. Alishika pembe ya turubai mpaka likafungwa, akasimama kwenye mvua akipumua, akakaa chini kwenye matope.

Jumatano, 22 Novemba

Hajala. Nimempa vidonge vya malaria vilivyobaki vya Hillary alipokuja Pasaka. Vilikuwa viwili. Phanice aliniuliza kama havipaswi kuwa vitatu, na kama mgonjwa hatakiwi kupelekwa zahanati. Nilimjibu vibaya. Nilimuuliza tangu lini amekuwa daktari.

Ni malaria. Malaria naijua mimi. Nimekuwa nayo mara ngapi!

Alhamisi, 23 Novemba

Asubuhi Kiplimo hakunijua. Aliongea lugha ya kwao, haraka haraka, macho yako wazi na hayanioni. Nikawauliza wenzake anasema nini. Mwishowe mmoja akasema, "Anamwambia mama yake aingize sufuria, paa linavuja."

Nilimkimbilia Wabwile. Pikapu ya Wabwile ilikwama hata kabla ya kufika barabarani, ikabidi tuivute kwa trekta. Kutoka hapa mpaka Kitale sijui tumepita wapi, nilikuwa nimekaa nyuma chini ya turubai, kichwa cha Kiplimo kwenye mapaja yangu. Lile lile turubai la mahindi.

Hospitalini daktari alikuwa kijana, anaongea taratibu. Aliuliza mgonjwa anatoka wapi. Nikasema juu, ng'ambo ya Suam.

"Ameshawahi kuugua malaria?"

"Sijui."

"Mama, kule juu hakuna mbu kama wa kwenu. Mtu wa kule damu yake haijazoea. Malaria ambayo wewe unaibeba ukiwa unalima, kwake ni kitu kingine kabisa. Ameanza lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia na vile vidonge viwili. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimwekea dripu ya kwinini, akaniambia niombe.

Jumamosi, 25 Novemba

Kiplimo amefariki asubuhi hii. Nilikuwa nimeenda nje kumnunulia uji. Nimerudi, nesi amesimama mbele ya kitanda, nikajua.

Ule uji sikujua niuweke wapi. Nimetembea nao mpaka geti, nikampa mama mmoja aliyekuwa na mtoto.

Kwa nini sikumnunulia chandarua? Nimejiuliza njia nzima. Nilinunua maturubai mawili mapya mwezi huu. Niliyanunua siku ile ile mvua ilipoanza, sikuuliza bei mara mbili. Mahindi nimeyafunika.

Jumapili, 26 Novemba

Wazee wamekuja kukaa na mimi. Wabwile ndiye aliyesema.

"Mama Hillary, sikiliza. Hakuna mtu hajafiwa na mfanyakazi. Wape wenzake pesa ya gari, wamvushe. Wewe usiende kule. Hujui watu wa kule watasema nini, watakushika. Huyu si ndugu yako."

"Nilikula kwao."

"Kula nini?"

"Nilikula kwao, Wabwile. Nilisema nitamleta mimi mwenyewe."

Halafu akavua kofia, akasema kama ni hivyo pikapu ni yake na dereva ni yeye. Miaka yote hii nimemsema huyu mtu vibaya.

Jumatatu, 27 Novemba

Nimeuza ng'ombe. Sanduku limetengenezwa Kitale, la mvule, fundi akaniuliza kama ni mwanangu. Nikasema ndiyo, maana kueleza kungechukua muda.

Jumanne, 28 Novemba

Kutoka Endebess mpaka Suam barabara ni matope matupu. Wale wanne walisukuma zaidi ya kupanda. Mpakani ofisa aliangalia ile karatasi tuliyovukia Oktoba, akaangalia sanduku, akaniuliza, "Huyu ni nani kwako?"

"Ni mtu wangu."

Alivua kofia akafungua kizuizi.

Gari haliwezi kupanda kwao. Walimbeba mabegani na mimi nikafuata nyuma. Mwenzake mmoja alikuwa ametangulia kupeleka habari, kwa hiyo kabla hatujafika tulisikia kilio kinashuka mlimani. Nilijiambia, Agneta, sasa utatukanwa, na ukae kimya. Ukipigwa, ukae kimya.

Mama Kiplimo alikuwa amesimama kwenye kizingiti. Halii. Aliangalia sanduku, akaniangalia mimi, nikapiga magoti kwenye yale matope. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakanitoka. Nikasema tu, "Mama, nimemleta."

"Nimeona," akasema.

Jumatano, 29 Novemba

Tumemzika leo nyuma ya nyumba, juu, mahali unaona Suam yote. Mvua ilinyesha kidogo ikaacha. Mzee mmoja wa ukoo alisema maneno makali, kwamba watu wa chini wanachukua watoto wazima na kurudisha mbao. Nilikuwa nimekaa pale pale mbele yake. Hakuna aliyemkatiza, na mimi nisingetaka akatizwe.

Watu walipopungua, Mama Kiplimo akaniita ndani. Ile sufuria bado iko katikati ya nyumba, tone moja, tone lingine. Akaniwekea sahani mbele. Ugali wa wimbi, mboga chungu, maziwa lala.

Nilifikiri, huyu mama amenisamehe. Mtu gani anaweza kumpa chakula mtu aliyemletea mwanawe ndani ya sanduku? Nilikuwa nalia na kumeza. Safari ile niliacha nusu, safari hii sikuacha hata punje. Nilifuta sahani kwa kidole kama mtoto.

Alingoja mpaka nimemaliza. Akachukua sahani, akaiangalia, akageuka mlangoni.

"Kipsang! Amekula. Leta nguo zako."

Sikuelewa. Kipsang akaingia na mfuko wa nailoni umejaa tayari, umefungwa kamba. Hakuniangalia.

"Mama, hapana," nikasema. "Mama Kiplimo, tafadhali. Sikuja kuchukua mtu."

"Mahindi yako yameisha?"

"Hayajaisha, lakini..."

"Nyumba hii inavuja. Aliyekuwa alete mabati nimemzika asubuhi. Unataka niende kwa nani? Kwa mtu sijui kama atanirudishia hata maiti? Wewe nakujua sasa. Wewe unarudisha."

Nilitaka kumwambia chukua pesa ya mabati, nitaituma, kijana abaki. Nilimwambia. Akasema yeye hajafiwa ili alipwe, na mkono wa kuomba hajawahi kuunyoosha. Kipsang atafanya kazi, na kazi italipwa, na Krismasi atakuwa hapa. Akanionyesha kizingiti kwa kidole.

Na mimi nilikuwa nimeshakula.

Alhamisi, 30 Novemba

Tumerudi. Wale wanne wamebaki kwao, hawataki tena kusikia Tongaren, na siwalaumu. Nimerudi na Kipsang peke yake. Njiani tulisimama Kitale, nikanunua chandarua. Mwenye duka aliniambia bei, na ilikuwa kidogo sana. Nilikaa chini pale kwenye baraza la duka mpaka Wabwile akashuka kunifuata.

Ijumaa, 1 Desemba

Mahindi ya upande wa mto yameoza. Phanice amekuwa akichagua mazuri peke yake siku zote nikiwa mbali. Nimemwomba msamaha kwa yale niliyosema juu ya vile vidonge. Akasema, "Wacha, Mama," akaendelea kuchagua.

Kipsang halali ghalani. Analala nyumbani, chumba cha Hillary, kitanda cha Hillary, chini ya chandarua. Hillary amepiga simu akauliza kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia labda.

Jumatatu, 4 Desemba

Kipsang hasemi. Anafanya kazi kama mtu anayegombana nayo. Kila asubuhi kabla hajatoka naweka mkono kwenye paji la uso wake. Siku ya kwanza alirudi nyuma. Leo amesimama tu.

Alhamisi, 7 Desemba

Jua kidogo. Paji la uso baridi.

Jumamosi, 9 Desemba

Wabwile na vijana wawili wa baiskeli wamekuja kusaidia kupukuchua. Sikuwaita. Mmoja ni yule wa mkate. Nimempa mkate.

Jumatano, 13 Desemba

Asubuhi paji la uso lilikuwa na joto. Sikungoja hata avae viatu vizuri. Nimempeleka zahanati kwa baiskeli ya yule kijana wa mkate, mimi nikakimbia nyuma mpaka kandambili ikakatika. Wamempima damu. Hana kitu, ni mafua. Nimekaa kwenye benchi nikalia mbele ya watu wote, mtu mzima, kiatu kimoja mkononi.

Tukirudi Kipsang aliongea kwa mara ya kwanza bila kuulizwa. "Kiplimo alituma salamu na dereva wa Endebess mwezi ule. Alisema huku kuna mama anampikia mayai kwa siri."

Nilitembea mbele yake mpaka nyumbani.

Jumanne, 19 Desemba

Magunia ya mwisho yamefungwa. Ni machache. Wabwile ameniuliza, kwa upole siku hizi, mavuno haya yamenigharimu kiasi gani. Nimemwambia aulize kitu kingine.

Jumamosi, 23 Desemba

Naandika hii Suam, kwa Mama Kiplimo. Tumefika mchana na mabati. Watu wa kijiji walishuka kuyapokea pale gari linapoishia, na Kipsang amebeba mzigo mkubwa kuliko wote.

Mama yake alikuwa kwenye kizingiti. Kipsang akatua mabati, akasimama mbele yake. Naye akanyoosha mkono, akamwekea kwenye paji la uso, akauacha hapo. Sikumwambia kwamba nilikuwa nafanya hivyo kila asubuhi. Nilifikiri ni mimi tu.

"Mama, nimemleta," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Halafu akaangalia njia nyuma yetu, pale inapokata kona kushuka, akaendelea kuiangalia mpaka na sisi tukageuka. Hapakuwa na mtu. Akaingia ndani kutuwekea chakula.